Hana na Place

Shuleni binti yangu alikuwa haruhusiwi kuniita mama. Sheria hiyo niliiweka mimi mwenyewe, siku nilipomwingiza darasani kwangu: ukivuka mlango huu mimi ni Madame, kama kwa wenzako wote, na ukisahau utaadhibiwa kama wenzako wote. Nilijiona mwalimu wa haki kweli kweli. Alisahau siku ile ile, katikati ya hesabu, akapaza sauti kutoka benchi la nyuma akitafuta kalamu, "Mama, stilo yangu imepotea tena!" Darasa zima likacheka, na mimi nikampigisha magoti karibu na ubao.

Naona haya kuanza na hilo, lakini nikianzia mahali pengine nitajipendelea.

Shule yetu ni ya msingi, hapa Likasi, kusini mwa Kongo, upande wa barabara ya malori. Kuna madarasa mawili ya mwaka wa tatu, A na B, yaliyotenganishwa na ukuta mwembamba, kiasi kwamba mwenzangu akiimbisha jedwali la kuzidisha, wanafunzi wangu nao wanaitikia. A ni la mwenzangu huyo. Tulianza kazi pamoja tungali wasichana, tukachangia mwavuli mmoja msimu mzima wa mvua. B ni langu. Binti yangu alianza mwaka kwa mwenzangu, maana sikutaka kumfundisha mtoto niliyemzaa.

Ana miaka minane. Si mtoto mbaya. Najua kila mama wa mtoto mtukutu husema hivyo, na mimi kama mwalimu nimewasikia wengi wakisema, nikatabasamu kwa adabu huku nikiwaza langu. Lakini si mbaya. Unamtuma chumvi, anarudi na habari ya mbwa aliyemwona njiani. Anajibu kabla hujamaliza kuuliza, na jibu ni la swali lingine. Anaweza kufika nyumbani na kiatu kimoja mguuni asijue kingine kilibaki wapi, wala tangu lini. Lori la madini likipita kutoka Kakanda, wenzake wanasikia kelele tu. Yeye tayari yuko dirishani, na daftari lake liko chini, na stilo ya jirani yake iko mdomoni mwake.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza siku mwenzangu aliponifuata uani wakati wa mapumziko. Tulikuwa tumesimama na walimu wengine wawili, tunakula mandazi.

"Madame," akaniambia, "tusemezane kidogo juu ya mutoto yako. Ule mutoto hana na place mu classe."

Kwa Kiswahili chetu cha hapa, place ni kiti, ni sehemu yako kwenye benchi. Place hiyo hiyo ni nafasi, haki ya mtu kuwapo mahali. Neno ni moja, na asemaye hana haja ya kufafanua, kwa sababu anayesikiliza anajua.

Babu yangu aliletwa kutoka Kasai, mkoa wa mbali, kuja kufanya kazi ya mgodi. Baba alizaliwa hapa, mimi nilizaliwa hapa, na paa la hospitali alikozaliwa binti yangu linaonekana kutoka uani kwetu. Lakini nilipokuwa mdogo wazazi wangu waliwahi kuambiwa kwamba hawana nafasi katika mji huu, na waliosema hivyo hawakutoka mbali, walikuwa majirani. Nakumbuka mama akifunga masufuria ndani ya kitenge, na mwanamke wa nyumba ya pili akitutazama kutoka mlangoni kwake. Tuliondoka. Baadaye tukarudi, maisha yakaendelea, watu wakaoana na kuzikana, na nyumbani kwetu jambo hilo halizungumzwi. Ila lile neno tunalisikia haraka sana. Tunalisikia hata lisiposemwa.

Basi nililisikia, na mandazi bado mkononi.

"Kama hana na place kwako," nikamjibu, "iko na place kwangu."

Nikaingia darasani kwake, nikamshika binti yangu mkono, nikachukua mfuko wake, nikamtoa mbele ya wenzake akiwa na kamba ya kiatu inaburuta. Kisha nikaenda moja kwa moja ofisini kwa mkuu wa shule nikamwambia kwamba mwenzangu hapendi watu wa kwetu. Mkuu wa shule ni mtu wa amani. Akasema basi, mtoto abaki B. Nilirudia maneno hayo kwa walimu wengine pia, na nikayaongezea mengine ambayo leo siwezi kuyaandika. Mwenzangu alijaribu mara moja kunisimamisha karibu na bomba la maji. "Madame, haukunisikia muzuri," alianza. Nilipita kama sijaona mtu. Baada ya hapo tulibaki na bonjour ya asubuhi tu, nayo kwa sababu watoto walikuwa wanatuangalia.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa Madame wa binti yangu.

Nikavuna nilichokuwa nimekipanda. Kabla ya Krismasi nilikuwa sina sauti. Nilimkalisha mbele, akawageukia wa nyuma. Nilimkalisha nyuma, nikamkuta chini ya benchi. Nikaanza kumtuma: peleka chaki kule, kaangalie kama kengele imepigwa, kachote maji. Darasa halikuhitaji maji yale yote. Nilihitaji dakika chache za kufundisha bila yeye, na nilipomwona anakimbia na ndoo kwa furaha, akidhani amechaguliwa kwa sababu ni hodari, nilijisikia vibaya, na kesho yake nikamtuma tena.

Wazazi wa watoto wengine wakaanza kunong'ona. "Mutoto ya Madame njo anaharibisha bengine," mmoja alisema langoni, na hakupunguza sauti alipoona napita. Kanisani walimwekea mikono kichwani wakaomba kwa nguvu, watu wazima wanatoka jasho. Yeye alifumbua macho katikati ya maombi akaniuliza kwa nini pasta amevaa soksi mbili tofauti. Ilikuwa kweli. Mume wangu, ambaye kazi yake ya kununua madini inamweka Kakanda wiki nzima, alisema kwa simu kwamba mtoto atakua tu. Ni rahisi kusema ukiwa Kakanda.

Baada ya likizo mkuu wa shule akaniita. Alizungumza akiangalia meza. Akasema ananiheshimu, lakini kama hadi Pasaka hakuna mabadiliko nitafute shule nyingine. Mimi nilijua kilichokuwa nyuma ya maneno hayo. Mjini kwetu sifa ya mtoto hufika shuleni kabla ya mtoto mwenyewe, na shule itakayoambiwa kwamba hata mama yake mwalimu amemshindwa haitamchukua.

Muuguzi wa kituo cha afya ndiye aliyenipa jina la kile ambacho huenda binti yangu anacho. TDAH, alisema kwa herufi za Kifaransa, shida ya kutulia na ya kukaza akili, ambayo si ukorofi wala si malezi. Huenda, alirudia, hilo si jambo la kuamuliwa na yeye, wala na mimi. Kuna daktari wa kike Lubumbashi anayewapima watoto kama hao, na kabla ya kumpima anataka karatasi mbili za maswali zijazwe, moja na mzazi, nyingine na mwalimu.

Nikazijaza zote mbili mimi. Mzazi si mimi? Mwalimu si mimi? Nilikaa kwenye meza ya jikoni mchana mmoja na stilo moja, nikaanza na ya mzazi. Je, mtoto anapoteza vitu? Nikaweka alama kwenye mara chache. Wakati huo huo yeye alikuwa chini ya meza anatafuta ndala yake ya kushoto. Je, anakatiza watu wanapozungumza? Mara chache. Je, anashindwa kumaliza kazi anayopewa? Mara chache, mara chache. Ukiisoma karatasi ile utadhani nimezaa mtawa. Nilikuwa najua nadanganya, lakini sikuweza kuuzuia mkono. Nyumbani kwangu, malezi yangu, aandike nani kwamba yamenishinda?

Kisha nikaichukua ya mwalimu, na hapo nikawa mkali. Sikutaka mtu yeyote aseme kwamba Madame anampendelea mtoto wake. Kila swali, karibu kila wakati. Hata yale ambayo si kweli sana. Nikaendelea hivyo hadi swali moja lililouliza, kwa Kifaransa chake kilichonyooka, kama mtoto huacha place yake wakati anatakiwa kubaki ameketi.

Place. Nikalisoma tena.

Hana na place mu classe. Nilimsikia mwenzangu kama vile amesimama pale jikoni na mandazi yake. Hakai kwenye benchi lake, ndiyo habari aliyokuwa ananipa, kama mwalimu anavyompa mama, kama mimi nilivyowapa akina mama wengi kabla ya siku ile. Aliniambia tangu mvua za kwanza kile kile ambacho daktari alikuwa ananiuliza sasa, na mimi nikaenda kumpaka matope shule nzima. Uso ulinichemka. Binti yangu akatoa kichwa chini ya meza akaniuliza kama naumwa.

Ningekuwa mtu, ningeinuka saa ile ile niende kwake, si mbali. Niliweka alama, nikakunja karatasi, na Jumamosi tukapanda taxi-bus kwenda Lubumbashi.

Daktari alikuwa mdogo kuliko mimi. Alizisoma karatasi polepole, akaziweka kando kwa kando, akazigeuza. Binti yangu alikuwa ameshafika kwenye kipimo cha presha na alikuwa anakibonyeza.

"Ni nani alijaza hii ya masomo?" daktari akauliza.

"Ni minye."

"Na hii ya nyumba?"

"Ni minye pia."

Aliniangalia, kisha akaangalia tena zile karatasi, mwandiko mmoja, wino mmoja. "Basi aba bantu babili habajuane," akasema.

Hakusema kwa ubaya. Akanieleza kwamba hawezi kuamua kwa kumtazama mtoto nusu saa, wala kwa kuniamini mimi tu. Shida hii, kama ipo, huonekana zaidi ya mahali pamoja, nyumbani na shuleni, na kwa muda mrefu. Ikiwa iko upande mmoja tu, anatafuta sababu upande huo. Ndiyo maana anahitaji macho mawili tofauti. "Minataka mwalimu mwingine," akasema, "ule hakumuzala. Na hii ya nyumba, mama, ujaze tena. Sasa useme kweli."

Hapo ndipo binti yangu alipoacha kile kipimo, akanijia, akasimama mikono nyuma kama wanavyosimama mbele ya meza yangu darasani. "Madame," akaniambia, "naweza kwenda ku inje?"

"Madame ni nani?" daktari akamuuliza.

Mtoto akamtazama, akanitazama mimi, akamtazama tena. Chumba kilikuwa na meza, na karatasi, na mtu mzima aliyenuna, na yeye hakujua tena yupo wapi na mimi ni nani. Nilitamani sakafu inimeze.

Jumatatu nilimsubiri mwenzangu watoto wote watoke. Alikuwa anafuta ubao. Nilisimama mlangoni na karatasi mpya, tupu, niliyopewa na daktari. Nikamwambia daktari anataka mwalimu aliyemjua mtoto. Aliendelea kufuta.

"Minye nilisema hana na place," akasema bila kugeuka. "Haikalaka pa place yake. Weye ulisikia nini?"

Ningeweza kusema sikumbuki. Nilijaribiwa.

"Nilisikia unasema sisi njo hatuna na place," nikasema. "Hapa. Sisi bantu ba kwetu."

Akageuka. Vumbi la chaki lilikuwa hadi kwenye kope zake. "Minye? Minye njo niseme vile?" Akaweka kifutio chini. "Wakati ulilala ku hopitali, huyu mutoto nilimubeba ku mugongo, hapa, mu hii classe, nikifundisha. Unanijua, weye. Unanijua."

Ilikuwa kweli. Binti yangu alikuwa na miezi kadhaa tu, na alitunzwa na mwanamke yule hadi nilipopona. Nilikuwa sijasahau. Ndilo linalonitia haya zaidi: siku ile uani nilikuwa nalikumbuka, na halikunizuia.

Nikaomba msamaha. Hakusema amenisamehe. Aliichukua karatasi, akaisoma mistari miwili, akanirudishia. "Nitaandika. Lakini hapana kwa ajili yako. Na siwezi kuandika kitu sioni. Alikaa kwangu kidogo tu, ukamukamata. Umurudishe, nimuangalie. Weye mwenyewe umulete, mbele ya batoto, sawa vile ulimutosha kwangu. Na ku bureau ya directeur uende useme ulisikia vibaya."

Nilikwenda. Kwa mkuu wa shule ilikuwa rahisi, alitaka tu niwahi kumaliza. Kwa walimu wenzangu ilikuwa kazi. Nilisimama kwenye chumba chetu wakati wa mapumziko, watu wanatafuna, nikasema kwamba nilichosema juu ya mwenzetu hakikuwa kweli, kwamba nililielewa neno lake vibaya na sikumpa nafasi ya kulifafanua. Mmoja akakohoa. Mwingine akaniuliza, neno gani? Ikabidi niliseme, na nieleze nililisikiaje, mbele ya watu ambao baadhi yao wazazi wao walikuwa majirani wa wazazi wangu. Hakuna aliyejua aangalie wapi. Mwenzangu aliendelea kunywa chai yake.

Kesho yake nikamshika binti yangu mkono, nikavuka naye ule mlango wa A, watoto wote macho juu yetu. Mwenzangu akamwonyesha benchi, akaendelea na somo. Kwa wiki kadhaa nilifundisha sikio likiwa ukutani. Nilikuwa nasubiri kusikia jina lake likitajwa kwa ukali, kama nilivyokuwa nikilitaja mimi asubuhi hadi mchana. Nilisikia jedwali la kuzidisha. Nilisikia vicheko. Mara nyingine nilisikia hatua za mtu anatembea darasani, hatua nyepesi, na hakuna aliyezifokea, na sikuelewa.

Nyumbani nilijaza tena ile karatasi ya mzazi. Safari hii nilimwita mume wangu kwa simu, tukaulizana swali moja moja, na alipotaka kusema mara chache nilimkatiza.

Mwenzangu alipomaliza ya kwake aliniita mwisho wa masomo. "Isome hapa, mbele yangu," akasema. "Sipendi tena usikie kitu sikusema."

Nikaisoma nimesimama, kama mwanafunzi. Alama zake nyingi zilikuwa pale pale pa kwangu. Nyingine alizipunguza, na nilipozitazama niliona kwamba yeye ndiye mwenye ukweli. Mwishoni karatasi inauliza mtoto anafanya nini vizuri. Mimi, mama yake, sehemu hiyo niliiacha wazi. Yeye aliijaza hadi maandishi yakapanda pembeni: kwamba hesabu za kichwa anazipata kabla ya wote ikiwa amesimama, kwamba asiyekuja shule leo, kesho yeye ndiye anayemuuliza alikuwa wapi, kwamba hajawahi kumkasirikia mtu hadi siku ya pili. Nikamrudishia aikunje mwenyewe. Akaniambia niwahi, mvua inakuja.

Tukarudi Lubumbashi. Daktari alimpima binti yangu kwa muda mrefu, masikio, macho, michezo ya kadi, akazisoma karatasi zote mbili, na hakuhitaji tena kuziweka kando kwa kando. Akasema ndiyo, ni TDAH, inaonekana pande zote mbili. Akasema hakuna aliyeisababisha. Tungeanza na namna ya kuishi naye na kumfundisha, dawa tuiangalie baadaye ikihitajika, na atamwandikia mkuu wa shule kwamba mtoto abaki pale alipo, kwa sababu kuna mtu huko ambaye ameshaanza kazi vizuri. Mkuu wa shule akakubali. Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile, kabla hatujaondoka, daktari aliinama akamuuliza binti yangu anakaa wapi darasani.

"Minye niko na ma place mbili," mtoto akasema.

"Mbili?"

"Moja pa mulango, moja pa dirisha. Miguu ikinisumbua, minaenda pa ile ingine, na Madame hasemi kitu. Bengine bote iko na moja tu."

Alisema kwa majivuno, kama mtu mwenye nyumba mbili. Mimi niliyekuwa nyuma ya ukuta wiki zote zile nilikuwa silijui hilo. Nilianza kulia, na sikujaribu kuficha.

Daktari akatabasamu, akanionyesha kwa stilo yake. "Ni huyu Madame njo alikupatia ma place mbili?"

Binti yangu akanigeukia, akanitazama vizuri, machozi na yote.

"Hapana huyu," akasema. "Huyu ni mama."